Vidonge vya Ndani ya Foronya

Hospitali ya misheni,
Upande wa Geita.

Kwa mama yangu, Mama Minza,
Mhunze.

Shikamoo mayu. Mwangaluka, na kama barua hii itakukuta mchana, basi mwadila. Natumaini mgongo wako umekupa nafasi ya kukaa na kuisoma, na kwamba Baba, mwanangu Ngolo na ng'ombe wote wameamka salama. Mimi ni mhola duhu, mzima kabisa. Safari hii sisemi hivyo kwa sababu barua zote huanza hivyo. Nasema kwa sababu ni kweli, na ushahidi ninao: tazama mwandiko.

Barua yako ilifika Jumamosi. Sista Yasinta, muuguzi mkuu wa wodi yetu, aliileta akiwa ameishika kwa mikono miwili, maana nilikuwa nimeshamwambia kwamba mama yangu anasoma kisomo cha watu wazima. Nimeisoma mara tatu, halafu nikawasomea wodi nzima. Barua ya kwanza ya mama yangu tangu azaliwe, na ndani yake hakuna salamu hata moja. Umeanza moja kwa moja: "Minza, nani anaandika? Huu si mkono wako. Kama umekufa waniambie." Watu walicheka mpaka mgonjwa wa kitanda cha mlangoni akaomba tumhurumie, kidonda chake bado kina nyuzi.

Nami nilicheka, mayu, lakini nililia pia. Ulipokuwa ukienda kisomo jioni na ubao wako mkononi, mimi na kaka Maduhu tulikuwa tunakutania kwamba utajifunza kusoma ili ukasome masikio ya ng'ombe. Kumbe ulikuwa unajifunza kunikamata. Barua zangu mbili zilizopita zimepita mikononi mwa watu wangapi, kutoka posta mpaka kwa katibu wa kijiji, na hakuna aliyeona kitu. Ukaona wewe mwenye mwaka mmoja tu wa kusoma.

Basi nakiri. Barua zile ziliandikwa na jirani yangu wa kitanda, Mama Sospeter, Msumbwa wa Ushirombo. Amesomeshwa na masista na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Mimi nilikuwa nasema, yeye anaandika. Nilisema niko salama, chakula kinatosha, uvimbe unapungua. Yote yalikuwa kweli. Nililolificha ni kwamba vidole vyangu vilikuwa vimeacha kushika kalamu.

Ngoja nikueleze kwa mpangilio, usije ukaruka ukasoma mwisho kwanza kama unavyofanya na hadithi za Ngolo.

Unajua nilivyofika hapa. Uvimbe ule wa shingoni ulipozidi, na mwingine ukatokea kwapani, Jilala aliacha shimo lake la dhahabu kule machimboni akanileta hospitali. Mume wangu ana maneno mengi, lakini siku ile hakusema neno toka tumepanda lori mpaka tumeshuka. Daktari alikata kipande kidogo cha uvimbe wakakipeleka Mwanza kukiangalia. Majibu yaliporudi akaniambia ni saratani ya matezi, ila ni ile ambayo dawa huweza kuiondoa kabisa kama mgonjwa atamaliza sindano zote. Alirudia neno hilo, zote, akaonyesha kwa vidole: nane. Nikamwambia hata kumi na nane nitachoma.

Daktari wetu huyu ni kijana mrefu wa Bukoba, na sisi wagonjwa tunamwita Bwana Pini. Kila Jumatatu huja na pini yake, kipande cha pamba, na chuma fulani chenye umbo la uma. Hukigonga chuma kile kikalia vuuu, halafu hukisimamisha juu ya kidole chako na kukuuliza kama unasikia kinavyotetemeka. Mwanzoni nilidhani anacheza. Kumbe anachunga kitu.

Sindano ya kwanza ilinitapisha. Ya pili ikanichukulia nywele. Sasa kichwa changu ni kama cha Ngolo alipozaliwa. Lakini uvimbe, mayu, uliyeyuka kama samli iliyowekwa karibu na moto. Kufika sindano ya nne nilikuwa nageuza shingo huku na huku kama kuku anayetafuta wanawe. Nikaona nimeshapona.

Hapo ndipo vidole viliponiaga. Kwanza ncha, halafu kidole kizima. Ilikuwa kana kwamba kuna kitambaa kati yangu na kila ninachokishika. Kijiko kinadondoka na mimi bado nadhani ninacho. Vifungo vya gauni nikawa nafungiwa na Mama Sospeter. Miguu ilikuwa mibaya zaidi, maana hiyo ilikuwa imekufa na inawaka, vyote viwili kwa pamoja. Siku moja nimetoka kuoga, ndala moja imenivuka nikatembea nusu ya baraza bila kujua. Nikikanyaga sijui nimekanyaga nini, nikilala nyayo zinaungua kama nimesimama juu ya majivu ya moto.

Bwana Pini hakushangaa. Alisema dawa inayoua saratani haina macho mazuri: ikipita mwilini inaukamata ugonjwa, lakini njiani inaing'ata na mishipa ya fahamu, ile inayopeleka habari kutoka kidoleni mpaka kichwani. Akaniandikia vidonge vidogo vya njano, kimoja kila jioni, vya kuyatuliza maumivu ya mishipa hiyo. Akasema, "Vimepatikana kwa shida, vimetoka mbali. Usikose hata siku moja."

Sasa mayu, kaa vizuri, maana hapa ndipo unapoingia wewe.

Nilisikia neno maumivu, nikasikia vimepatikana kwa shida, na mbele ya macho yangu nikakuona wewe umeinama unakamua, mkono mmoja kiunoni. Zahanati ya nyumbani ninaijua: ukiwa na bahati unapewa aspirini mbili na pole. Na kwetu nani alilelewa kubugia kitu adimu peke yake? Maduhu akipata hata kipande cha asali, cha kwanza ni cha Baba, cha pili ni chako. Basi jioni Sista Yasinta ananipa kidonge, nakiweka chini ya ulimi, nakunywa maji, namwambia wabeja Sista, asante. Akigeuka, nakitoa nakifuta, nakisukumia ndani ya mshono uliofumuka wa foronya niliyokuja nayo toka nyumbani. Nilipanga kumpa Jilala akija, ampe mtu wa kuja Shinyanga, vikufikie. Nikawa naungua nyayo zangu huku nimelaza kichwa juu ya dawa, najiona binti mwema kuliko wote wa Mhunze.

Wiki mbili zikapita hivyo. Ikaja sindano ya sita, mambo yakazidi. Jumatatu iliyofuata Bwana Pini alinifumba macho kwa taulo akaniambia kila nikisikia pamba imenigusa kidole niseme "sasa". Mayu, sikusikia kitu. Nikaogopa kwamba nikinyamaza ataniona nimeharibika na atanikatia sindano, na mbili zilikuwa bado. Basi nikatega masikio. Viatu vyake vinalia anapoinama. Kila vikilia nasema, "Sasa." Vinalia, "Sasa." Nikajiona mjanja kweli.

Akaniondoa taulo. Alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kitandani, mikono nyuma.

"Nimekugusa mara ngapi?" akaniuliza.

"Tano."

"Sijakugusa hata mara moja. Nimetembea tu."

Hakunigombeza. Ingekuwa afadhali. Alikaa kwenye kiti akanieleza kwa sauti ya chini kwamba vidonge vimeshindwa kunisaidia, mishipa inaendelea kufa, na akichoma sindano mbili zilizobaki anaweza kuniacha nisiyeweza kutembea wala kushika kitu maisha yangu yote. Akiacha, uvimbe unaweza kurudi. Akasema, "Minza, mimi naona tuache." Nikamuuliza ukirudi itakuwaje. Akaandika jambo kwenye daftari lake.

Sijawahi kuogopa namna ile, nakuambia ukweli. Nilimfikiria Ngolo. Niliona nachagulishwa kati ya kumwacha mwanangu yatima na kumlea bila mikono.

Na mimi bado sikusema kuhusu vidonge. Huo ndio upumbavu unaonishangaza mpaka leo. Haikunijia hata kidogo kwamba vinahusika. Kichwani mwangu vile havikuwa tena dawa yangu, vilikuwa mzigo wako.

Kilichonisaliti ni siku ya kubadili mashuka. Ilikuwa Jumatano, daktari anapita na wauguzi wake, na Sista Yasinta hapendi kuona foronya chafu mbele ya daktari. Akauvuta mto wangu, akaishika foronya kwa pembe mbili, akaikung'uta. Mayu, vilitoka vyote kwa mara moja. Vikaanguka juu ya sakafu ya saruji, vikavingirika kama karanga zilizomwagika gulioni, kimoja kikaenda kusimama kwenye kiatu cha Bwana Pini.

Akakiokota. Akakigeuza. "Hivi ni nini?"

"Ni vya mama," nikasema.

"Mama yako ni mgonjwa wangu?"

"Hapana. Anaumwa mgongo. Yuko Mhunze."

Sista Yasinta ameshika foronya tupu kifuani, uso umemwiva kwa hasira. Daktari akakaa kitandani kwangu, jambo ambalo yeye mwenyewe huwakataza wageni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Wiki tatu," akasema. "Wiki tatu naandika kwenye daftari kwamba dawa hii haimsaidii. Kumbe anayeitumia ni mto."

Mama Sospeter akadakia kutoka kitandani kwake, "Ndiyo maana mto wenyewe haujawahi kulalamika."

Basi hapo hata Sista akashindwa kujizuia. Lakini mimi niliona uso wa Bwana Pini ulivyobadilika baada ya kicheko. Alikuwa mtu aliyefungiwa mlango na sasa ameona upenyo. Akasema kama sijawahi kumeza, basi dawa haijashindwa, haijajaribiwa tu. Akapanga upya kila kitu. Sindano ya saba ingesogezwa mbele wiki kadhaa, kipimo chake kingepunguzwa kidogo, na mimi ningemeza vidonge vyangu kila jioni kuanzia siku ile, niwe navyo mwilini kabla sindano haijaingia.

Nikamuuliza kwa nini kabla, wakati maumivu huja baada. Akaniambia ana wazo lake. Mshipa unaopiga kelele mchana na usiku huchoka, na huenda ule uliotulizwa mapema huipokea dawa kali bila kuumia sana. Akasema, "Sina hakika. Kutuliza si lazima iwe kukinga. Lakini nataka kuona." Nilimpenda kwa kusema hana hakika. Wataalamu wengi niliowahi kukutana nao walikuwa na hakika ya kila kitu, na uvimbe wangu ukazidi kukua.

Kuhusu mgongo wako alisema hivi, na ameniagiza niandike: vidonge vile si vya mgongo wa kukamua, na ungevimeza ungesinzia chini ya ng'ombe. Uende hospitali pale Shinyanga wakakupime, na ndoo ya maji abebe Maduhu.

Tangu siku ile Sista Yasinta akanigeuza ng'ombe wa mnadani. Fungua kinywa. Inua ulimi. Geuza shavu. Alinitazama meno jioni zote. Foronya akaishona mwenyewe kwa uzi mara mbili.

Kulikuwa na siku za mwanzo nilizosinzia mpaka chakula kikapoa, na mdomo ulinikauka kama kibuyu. Kisha jioni moja nikagundua nimekaa muda mrefu napiga soga na Mama Sospeter na sijaifikiria miguu yangu. Moto ulikuwa umepungua. Sindano ya saba ikaingia, tukasubiri ubaya, ubaya haukuja. Vidole havikuzidi kufa. Wiki zikaenda. Siku moja nanawa mikono, maji yakawa ya baridi. Nasema yakawa ya baridi, mayu, kwenye kidole gumba cha kulia, mahali ambapo kwa muda mrefu maji yalikuwa hayana habari yoyote. Nikafunga bomba, nikafungua tena, nikafunga. Mtu wa nyuma yangu kwenye foleni akaniuliza kama nimerukwa na akili. Nikamwambia ndiyo.

Jumatatu Bwana Pini akanifunga taulo machoni, na safari hii alivua viatu. Nikasema "sasa" mara saba kati ya kumi. Halafu akaniwekea ile pamba katikati ya kidole gumba na cha shahada, akaniambia nieleze ninachosikia. Nikaisugua taratibu, nikaivuta nyuzi kama tunavyofanya nyumbani kabla ya kwenda kuuza.

"Hii ni fifi," nikamwambia. "Nani kakuuzia?"

Yeye ni mtu wa migomba, hakuelewa. Lakini wodi ile nusu yake ni wake za wakulima wa pamba, wakalipuka. Mama Sospeter ikabidi amfundishe daktari kwamba kwetu pamba hupangwa kwa mkono, safi lundo lake na fifi, yaani chafu, lundo lake, na mtu wa Mhunze hadanganywi hata akiwa kipofu. Bwana Pini akaandika kwenye daftari. Nilichungulia. Aliandika neno fifi na kulipigia mstari chini.

Sindano ya nane nilichomwa siku kumi na mbili zilizopita. Amenipapasa shingo, kwapa, tumbo, kila mahali. Hakuna kitu. Kwa miaka kadhaa nitakuwa narudi kuangaliwa, kwa hiyo sisemi imekwisha kwa sauti kubwa, lakini kwako nasema. Nyayo zimeamka, ila vidole vikubwa vya miguu bado vimelala, na vya mikono huwa vizito asubuhi. Daktari anasema mishipa hukua polepole kuliko mtoto, nisiiharakishe. Na hajui kilichoniokoa ni vidonge, au ni kupunguza kipimo, au ni vyote. Mimi namwambia ni foronya. Ananiambia nisimharibie daftari lake.

Kuna jambo moja zaidi. Kuna mgonjwa aliyekuja baada yangu, Mbuke, fundi cherehani wa Kagongwa, ana uvimbe kama wangu na sindano nane kama zangu. Siku ya kwanza alichouliza si kama atapona. Aliuliza kama ataweza kutunga uzi kwenye sindano. Bwana Pini amemwanzishia vidonge vya njano kabla hata ya sindano ya kwanza, na mimi nimepewa kazi rasmi ya kukaa naye jioni mpaka ameze. Nami namkagua kinywa vibaya kuliko Sista. Juzi amechomwa ya nne, ile iliyonikata mimi vidole. Jana amekaa kitandani anawapindia wagonjwa mashuka, na uzi anautunga mwenyewe kwa jaribio la kwanza, bila kukosea. Daktari anasema mtu mmoja si ushahidi. Lakini nilimwona amesimama mlangoni anamwangalia Mbuke anavyoshona, na alikaa pale muda mrefu kuliko anavyoweza kukaa mtu mwenye kazi nyingi.

Jilala alikuja Jumapili na mfuko wa viazi vikavu vya matobolwa na karanga. Nilimfunga vifungo vya shati mbele ya watu wote, kimoja baada ya kingine, na yule mwanaume mwenye maneno akavifungua vyote ili nivifunge tena. Anawasalimu sana.

Msalimie Baba, shikamoo yake nyingi, mwambie shingo ya binti yake sasa inageuka pande zote. Msalimie kaka Maduhu, na asichanganye fifi ndani ya safi akidhani hakuna wa kumwona, mkaguzi anakuja. Msalimie bibi, mama yake Baba, kama bado anauliza nitazaa lini mtoto wa pili mwambie kwanza nywele ziote. Mwalimu wako wa kisomo mpe wabeja yangu kubwa, maana bila yeye ningeendelea kukudanganya. Na Ngolo mwambie mama yake anakuja kumsuka.

Nitaruhusiwa wiki ijayo. Jilala atanivusha kwa pantoni mpaka Mwanza, nitapanda treni mpaka Shinyanga, halafu basi. Tafadhali Maduhu asije kunipokea na baiskeli. Nikishuka pale Mhunze nitavua viatu niviweke kichwani, nitembee peku mpaka nyumbani, mchana jua likiwa kali. Watu wakikuambia wamemwona Minza njiani anaruka ruka na kulia kwamba udongo unamchoma, usiogope, mayu. Toka nje unisikilize.

Ni mimi binti yako, na huu ni mkono wangu,

Minza